Chombo kimezimika angani: namna ya kupiga kipindi cha uokoaji ukiwa Goma

Wadogo zangu, kabla ya kuniuliza mtumie kamera gani, jibuni swali hili: nini kitawaua watu wenu huko angani? Nataka jibu moja. Mara nyingi naletewa senario yenye moto, vimondo, majambazi wa sayari nyingine na kompyuta iliyoasi, vyote ndani ya dakika 20, halafu waokoaji wanatokea mwishoni na bunduki mikononi. Mtazamaji hawezi kuogopa vitu vinne kwa pamoja. Mpeni kimoja, mkijue ninyi wenyewe hadi mizizi yake, kisha mkiache kimkabe polepole.

Mimi napiga video za harusi na matanga hapa Goma, na ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kipindi chetu cha anga tunakipiga siku zisizo na harusi. Kikundi ni fundi mwashi, muuguzi, waimbaji wawili watatu wa kwaya na wanafunzi wenye simu nzuri. Ninachoeleza hapa ni namna tunavyofanya, kuanzia karatasi mpaka usiku wa kuonyesha.

Anzeni na hewa

Ukiniuliza mimi, kitu hicho kimoja kiwe hewa. Mtu wa Goma haelezwi hewa mbaya ni nini. Mtoto aliyekulia Mugunga au upande wa Bulengo ameonywa tangu mdogo asishuke kwenye shimo lenye mazuku, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza, na huenda ameshaona mbuzi amekufa pale bila jeraha lolote. Mazuku ni hewa ukaa inayotoka ardhini kwenye nchi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inatulia mabondeni, haina rangi, haina harufu. Ndani ya chombo cha anga hewa hiyohiyo inatoka kwenye mapafu ya wanaanga wenyewe. Hapo mna hadithi tayari: kila anayepumua anamdhuru mwenzake, na hakuna mwenye kosa.

Kuna tofauti moja ambayo lazima muiheshimu. Mazuku hukaa chini kwa sababu ya uzito wake. Chombo kilicho kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kinaelea, na ndani yake hakuna juu wala chini, kwa hiyo hewa ukaa haishuki popote. Feni zikisimama, inabaki palepale ilipotoka, imemzunguka mtu usoni. Anayelala mahali pasipo na feni anaweza kuamka kichwa kinamgonga, pumzi zinamkimbia, kumbe amekuwa akivuta pumzi yake mwenyewe usiku kucha. Ndiyo maana kituo cha anga cha kimataifa kinanguruma kwa feni mchana na usiku. Basi kipindi chenu kianze na mngurumo ambao mtazamaji hata hautilii maanani, halafu ukatike.

Sasa hesabu, na hapa msiruke. Mtu mmoja hutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa kwa siku, na hutumia oksijeni kama kilo 0.84. Wafungieni watu 3 katika chumba cha mita za ujazo 10, yaani mita 2 kwa 2.5 na kimo cha mita 2, kisha zimeni mitambo ya kusafisha hewa. Kila saa hewa ukaa inapanda kwa takriban asilimia 0.7. Saa ya nne au ya tano iko karibu na asilimia 3: kichwa kinauma, pumzi zinakwenda mbio. Saa ya saba imefika 5: jasho, uso unawaka, akili inateleza. Kufikia saa ya kumi na nne ni asilimia 10, na watu wanazimia. Oksijeni nayo inapungua muda wote huo, lakini hewa ukaa ndiyo inayotangulia kuwaangusha. Andikeni saa hizo kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi. Kila mstari wa mazungumzo ujulikane uko saa ya ngapi.

Muuguzi wetu ndiye anayewafundisha waigizaji, na sitaki kipindi kisicho na mtu kama yeye. Mtu aliyejaa hewa ukaa hashiki koo na kupiga kelele. Anakuwa mzito. Anajibu swali la dakika iliyopita. Anakasirika kwa jambo dogo, halafu anataka kulala. Mwigizaji akijua hivyo, hamhitaji taa nyekundu inayowaka na kuzimika.

Visa vya kweli

Someni kabla ya kuandika. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13, chombo cha Wamarekani kilichokuwa kikienda mwezini, lililipuka, chombo kikiwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka duniani. Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise walihamia kwenye chombo kidogo cha kutua mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi, na wao walikuwa watatu wenye safari ya karibu siku nne. Hewa ukaa ikaanza kupanda. Vichujio vya akiba vilikuwepo, ila vya chombo kikuu vilikuwa vya mraba, na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya duara. Wahandisi wa Houston wakawaelekeza kwa redio namna ya kuviunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya safari, mabomba laini ya hewa ya suti na utepe wa gundi. Walitua baharini tarehe 17, wote wazima. Msikiige kisa hicho. Chukueni umbo lake: kitu cha kuwaokoa kipo chumbani tangu dakika ya kwanza, mtazamaji amekiona, lakini hakiingii mahali pake.

Kisa kingine ni cha Mir, kituo cha anga cha Warusi. Tarehe 25 Juni 1997 chombo cha mizigo cha Progress kiligonga kituo hicho na kutoboa moduli ya Spektr, chumba kimoja cha kituo. Hewa ikawa inavuja, na mlango wa moduli haukufungika, kwa sababu nyaya zilikuwa zimepitishwa katikati yake. Wanaanga wakazichomoa na kuzikata, ndipo wakaweza kuufunika. Mimi naona nyaya zile zina hadithi kuliko mgongano wenyewe. Mtu aliwahi kuzipitisha pale siku ya kawaida, ili kazi iende.

Waokoaji wanafikaje

Hapa ndipo vipindi vingi vinaharibika: waokoaji wanakaza injini na kufika. Mvuvi wa ziwa Kivu akitaka kuukuta mtumbwi ulio mbele yake, anapiga kasia kwa nguvu, basi. Angani kanuni ni nyingine. Chombo kilicho kwenye obiti ya chini kinaizunguka dunia haraka kuliko kilicho juu, kwa hiyo anayefukuza hupunguza mwendo kwanza, anashuka, anamkaribia mwenzake kwa njia ya chini, kisha anapanda. Akijisukuma mbele kwa pupa, atapanda juu na kubaki nyuma. Kwenye kimo cha kilomita 400 mzunguko mmoja huchukua dakika kama 90, sehemu yake mchana na sehemu usiku. Wekeni rubani kijana asiyetaka kuamini jambo hilo, na mkubwa wake anayemwambia, “Punguza, mdogo wangu. Tushuke kwanza.” Mtazamaji atajifunza mechanika ya obiti bila kujua kwamba yuko darasani.

Kisha someni habari za Salyut 7. Mwaka 1985 kituo hicho cha Wasovieti kilizimika kabisa, hakina umeme, hakijibu redio. Tarehe 6 Juni Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh waliruka kwa chombo cha Soyuz T-13, na siku mbili baadaye wakaunganisha chombo chao na kituo kwa kuongoza kwa mkono. Walipima hewa ya ndani kabla ya kuingia. Humo walikuta barafu, na maji yote yameganda, wakafanya kazi wamevaa kofia za manyoya. Waliunganisha betri moja kwa moja na paneli za jua, wakatumia Soyuz yao kukigeuza kituo kizima kielekee jua. Hakuna aliyefukuzwa wala kupigwa risasi, na bado mtu husoma amekunja ngumi.

Jambo la mwisho kwenye senario: hesabuni viti. Mwokoaji naye ana mapafu. Desemba 2022 chombo cha Soyuz MS-22 kilivuja maji ya kupozea kikiwa kimeshikana na kituo cha kimataifa. Warusi wakatuma MS-23 Februari 2023 bila mtu ndani, ili viti vitatu viwe wazi kwa wale watatu, na kwa sababu hiyo Frank Rubio wa Marekani akakaa angani siku 371. Katika kipindi chetu chombo kilichozimika kinaitwa Idjwi, kina watu 3. Waokoaji wako kwenye Tchegera, watu 2, na Tchegera ina viti 3 tu. Majina ya visiwa vya ziwa letu tumeyachagua kwa upendo, nanyi chagueni ya kwenu.

Redio iwe na ucheleweshaji wake wa kweli. Neno kutoka mwezini hufika baada ya sekunde 1.3, kutoka Mirihi baada ya dakika 3 hadi 22 kulingana na sayari zilipo. Kama kipindi chenu kiko Mirihi, anayeomba msaada atapata jibu la swali alilolisahau. Na watu waongee wanavyoongea hapa. Kijana wa Goma hamwiti kiongozi wake “kamanda” kwenye kila sentensi. Ni hivi (“yaya” kwetu ni kaka au dada mkubwa):

— Idjwi, Idjwi, munatusikia?
— Tunawasikia, yaya. Feni imesimama.

Chumba cha manjanja

Jengeni chumba kile kile cha hesabu: mita 2 kwa 2.5, kimo mita 2. Mifupa ni mbao za kawaida, kuta ni manjanja, yaani mabati, za zamani zilizonyooshwa kwa nyundo, na nyuma yake shitingi (turubai) ya kuzuia mwanga. Ukuta mmoja uondoke kabisa, kwa ajili ya kamera na kwa ajili ya hewa. Msiwafungie waigizaji ndani hata kwa dakika tano mkidhani wataigiza vizuri zaidi. Tunaigiza kukosa hewa, hatukosi hewa.

Kituo cha anga cha kweli kimejaa vitu pande zote nne, maana hakuna sakafu ya kuheshimu. Kateni bidoni (madumu) za njano nusu, muzigongomee ukutani, muzipake rangi ya kijivu isiyong'aa. Kwa mafundi wa redio wa mtaa wa Birere mtapata bodi za televisheni zilizokufa, ngao za spika, vitufe. Kila kitu kifungwe kwa mkanda au raba. Kikombe kilichosimama juu ya meza kimeshauharibu uongo wote. Maandishi kwenye milango yawe ya Kiswahili na Kifaransa, yaandikwe kwa mkono mmoja, na mengine yawe kichwa chini.

Kuelea hakuhitaji kamba wala pesa. Pigeni watu kuanzia kiunoni kwenda juu. Mwigizaji akae kwenye kiti kirefu cha kuzunguka, au asimame mguu mmoja na mwingine uning'inie nyuma, na mikono isishuke mapajani kamwe. Kamera nayo iyumbe kidogo, taratibu, kama inapumua. Mara moja moja igeuzeni kabisa, ili mtu mmoja aonekane kichwa juu na mwenzake kichwa chini katika chumba hicho hicho. Kwa kalamu na vipande vya vichujio vinavyoelea, ombeni nailoni nyembamba kwa wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Haionekani mbele ya ukuta wa kijivu. Vueni hereni, mikufu na rozari. Misuko ifungwe ndani ya kofia. Machozi nayo hayatiririki mashavuni: angani chozi hukaa jichoni kama kidonge cha maji na kutanda. Mwigizaji wetu wa kwaya, ambaye hulia kwa urahisi, tunampiga akiwa amefumba macho na glisirini kwenye kope.

Taa ni chache. Umeme ukikatika, na utakatika, mikanda ya LED na betri ya pikipiki inatosha chumba hicho. Jua liwe taa moja kali inayopita dirishani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu kwenye obiti ya chini linachomoza na kuzama karibu kila dakika 45.

Chombo kikionekana kwa nje, tunatumia mfano wa urefu wa mkono mmoja uliotengenezwa kwa chupa, kalamu na vipande vya bati, umening'inizwa mbele ya kitambaa cheusi. Mfano hausogei. Kinachosogea ni kamera, nayo imefungwa juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inayosukumwa kwenye mbao mbili zilizolazwa uani. Nasema kwa uhakika kwamba sijaona kitu kinachokwenda kwa uzito na utulivu kama chukudu yenye mzigo wa mawe. Msiweke nyota nyuma ya chombo kinachowaka jua. Kamera iliyopangwa kwa mwanga mkali haizioni, na ndiyo maana hata picha zilizopigwa mwezini zina mbingu nyeusi tupu.

Nje, juu ya lava

Kama hadithi yenu inatua mahali, Goma imewapa ardhi ambayo studio kubwa zingeilipia. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 22 Mei 2021 ilisimama upande wa Buhene, nayo ni nyeusi, imekunjamana, haina mti. Nendeni saa moja asubuhi. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ikifika saa sita jua liko utosini, vivuli vinakwisha, na mwezi wenu unageuka kuwa uwanja wa mawe.

Lakini ardhi ile ina watu. Chini ya lava ile kuna nyumba, na wengine walipoteza ndugu. Ombeni ruhusa kwa mwenye kiwanja, kwa kiongozi wa nyumba kumi na kwa shefu wa mtaa, mweleze mnachofanya na muwaonyeshe picha mlizopiga. Sare za kijeshi na bunduki za kuchonga msibebe, hata ndani ya gunia. Mji huu umeona za kweli. Droni iacheni nyumbani.

Msishuke kwenye mashimo kutafuta ukungu au moshi. Mazuku haionekani kwenye kamera na haitawangoja. Mwulizeni mama anayelima karibu. Anajua kila tundu. Vaeni viatu vigumu, kwa sababu lava inakata soli nyepesi kama kisu. Vumbi lake jeusi ni changarawe inayokwaruza lenzi: lifukuzeni kwa brashi laini, msifute kwa shati.

Kabla ya kupiga tukio la kuhama chombo, huwa nawaketisha waigizaji na kuwauliza walibeba nini Mei ile ya 2021. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka, watu wakaelekea Sake, Gisenyi na kwenye boti za ziwani. Mmoja alibeba diploma na sufuria. Mwingine alirudi kuchukua mashine ya kushona. Majibu hayo yanaingia kwenye senario moja kwa moja. Mwanaanga wa Idjwi ana dakika tano na mfuko mmoja, na mtu wa Goma hakosei anapoigiza dakika hizo.

Mavazi: ovaroli za gereji zilizofuliwa, glovu za raba, basi. Pesa iliyobaki iende kwenye sauti.

Sauti

Nje ya chombo hakuna hewa, kwa hiyo hakuna mngurumo wa injini wala mlipuko. Kuna pumzi ya mtu ndani ya kofia yake, na redio. Pumzi tunairekodi kwa kipaza sauti kidogo kilichobandikwa ndani ya ndoo ya plastiki iliyokatwa upande mmoja, mtu ameinamisha uso ndani yake. Ila sauti husafiri ndani ya chuma. Mwokoaji akigonga bati la chombo kwa nyundo, yeye mwenyewe huusikia mshindo kupitia glovu na suti, na walio ndani wanausikia wazi. Basi redio ya Idjwi ife, na waelewane kwa kugonga: moja ndiyo, mbili hapana. Rekodini manjanja ikigongwa kutoka pande zote mbili. Kata picha kutoka nje kwenye kimya kwenda ndani kwenye mshindo, na muache kimya kikae muda mrefu kuliko mnavyodhani ni salama.

Mkifika kuonyesha mtaani, jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, hata kama mvua inanyesha na mwenye nyumba anaiogopea. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu yake kutambulika, na chumba kilichojaa watu na kufungwa mapazia kwa ajili ya projekta ni kidogo kuliko kinavyoonekana.

Mlango wa Idjwi unapofunguka mwishoni, usifunguke ghafla. Mwokoaji asubiri kipimo cha mgandamizo kilingane pande zote mbili, apime hewa, kisha kabla hajaingiza kichwa aingize mpira wa feni, yaani bomba lake la hewa, ili hewa mpya iwafikie kwanza. Mtu wa kwanza anayeuona mpira ule hatakiwi kushangilia. Ni saa ya kumi na moja, hajui ni nini. Katieni hapo. Kipindi cha pili kinaanza na watu 5 na viti 3, na hesabu mpya ya hewa ukutani kwa chaki.